Mbegu ya Gilgil na mkono wa sheria: Jinsi asasi zinavyolea au kuua ujasiriamali wa kijamii

HUKUMU iliyosomwa katika Mahakama Kuu ya Machakos mnamo Novemba 27, 2025 ilihusu jambo ambalo mkazi wa mjini huenda akaliona dogo. Je, mkulima ana haki ya kumuuzia jirani yake mbegu aliyoivuna shambani mwake mwenyewe? Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba anayo, na kwamba vifungu vya sheria vilivyofanya tendo hilo kuwa kosa la jinai vilikiuka Katiba. Wakulima 15 waliokuwa wamewasilisha kesi hiyo mwaka wa 2022 wakarejea makwao na ushindi ambao wengi hawakuutarajia.

Ingawa kesi ilisikizwa Ukambani, sehemu ya mizizi yake imo Gilgil, Kaunti ya Nakuru. Huko ndiko yaliko makao ya shirika la Seed Savers Network, lililoanzishwa mwaka wa 2009 na Daniel Wanjama kwa nia ya kuokoa mbegu za kiasili zisitoweke, na ambalo lilikuwa mstari wa mbele kuitetea haki hiyo ya wakulima.

Msafiri anayepita katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru huijua Gilgil kwa mambo mengine. Huijua kwa kambi ya wanajeshi, kwa chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, na zaidi ya yote kwa nyama choma ya Kikopey, ambako mabasi na malori huegeshwa mchana kutwa huku moshi ukipaa. Ni wachache wanaojua kwamba katika vijiji vilivyo nyuma ya moshi huo kumekuwa na mvutano wa miaka mingi baina ya kanuni za kienyeji na kanuni za serikali, na kwamba mvutano huo unaeleza vizuri kuliko kitabu chochote sababu ya baadhi ya miradi ya jamii kustawi na mingine kunyauka.

Wataalamu huita miradi ya aina hiyo ujasiriamali wa kijamii. Ni biashara ambayo lengo lake la kwanza si kumtajirisha mwenye mtaji bali kutatua shida ya umma, na ambayo hujitafutia riziki yake kwa kuuza bidhaa au huduma badala ya kukaa ikimngojea mfadhili. Mfano uliovuma zaidi duniani ni ule wa Grameen nchini Bangladesh, ulioasisiwa na Profesa Muhammad Yunus ili kuwakopesha maskini wasio na dhamana, na ambao ulituzwa Nobel ya Amani mwaka wa 2006.

Visa vya namna hii husimuliwa kama hadithi za mashujaa. Husemwa kwamba alitokea mtu mmoja mwenye maono, akajitolea, akashinda. Lakini husahaulika kwamba Grameen yenyewe haikuwa benki hadi mwaka wa 1983, serikali ya Bangladesh ilipotunga sheria maalum ya kuitambua. Bila karatasi hiyo, Yunus angebaki mhadhiri mwenye moyo mwema.

Mwanauchumi wa Marekani Douglass North, mshindi wa Nobel mwaka wa 1993, alizieleza asasi kuwa kanuni za mchezo, ilhali watu na mashirika ni wachezaji. Kanuni hizo nyingine huandikwa katika sheria za nchi, na nyingine hazijaandikwa popote ila kila mtu kijijini anazijua. Mshabiki yeyote wa kandanda ataelewa upesi. Mshambuliaji hodari hawezi kufunga bao ikiwa refa ameamua kwamba kila anayeugusa mpira ameotea.

Kwa Gilgil, mchezo wenyewe ni mbegu.

Kwa jadi, mbegu haikuwa bidhaa ya dukani. Ilikuwa amana ya akina mama. Mwanamke ndiye aliyejua ni hindi lipi la kuachwa lisiliwe, ni maharagwe yapi yaliyovumilia ukame wa mwaka uliopita, na ni njahi ipi iivayo upesi jikoni. Mbegu ilikaushwa juani, ikachanganywa na jivu ili wadudu wasiitoboe, kisha ikahifadhiwa ndani ya kibuyu au chungu, au ikaning'inizwa juu ya meko ambapo moshi uliilinda. Hata leo wakulima hufundishwa njia rahisi ya kupima ukavu: mbegu hutiwa katika chupa pamoja na chumvi kavu, ikatikiswa, na chumvi ikigandama kwenye chupa basi mbegu ingali na unyevu.

Maarifa hayo yana mipaka ambayo wakulima wenyewe wanaifahamu. Ua la haragwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe, hivyo anayehifadhi mbegu ya maharagwe hupata mwaka unaofuata kitu kile kile alichopanda. Mahindi ni kinyume. Chavua yake hupeperushwa na upepo, na shamba la jirani laweza kuibadilisha mbegu yako bila ya wewe kuulizwa. Aidha, mahindi chotara yanayouzwa na kampuni hayazai sawa yakirudiwa, na ndiyo maana mkulima hulazimika kurudi dukani kila msimu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kanuni zilizozunguka kibuyu hicho. Aliyekosa mbegu alikopeshwa na jirani, naye baada ya mavuno alirudisha kiasi alichokopa pamoja na nyongeza kidogo. Mbegu haikuwa na nembo wala tarehe ya ukaguzi. Nembo yake ilikuwa jina la aliyeitoa. Mama aliyemuuzia mwenzake mbegu mbovu siku ya soko angekutana naye kisimani, kanisani na kwenye matanga, na habari zingemfikia kila mnunuzi kabla ya mvua ya pili.

Benki za mbegu za jamii, ambazo Seed Savers Network imekuwa ikiwasaidia wakulima kuzianzisha, hazikubuni utaratibu mpya. Zilichukua kanuni hiyo ya kukopa na kurejesha, zikaiwekea daftari, rafu na chumba kimoja. Hapo ndipo ulipo umahiri wa mradi, na ndiyo sababu wakulima hawakuhitaji kushawishiwa sana. Walikuwa wakiombwa wafanye kwa pamoja kile ambacho mama zao walifanya kila mmoja jikoni kwake.

Hata hivyo, uaminifu wa kijijini hukoma mpaka wa kijiji unapokoma. Gilgil si makao ya kabila moja. Kabla ya uhuru, eneo hili lilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baadaye watu kutoka pande mbalimbali wakaja kununua vipande vya ardhi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilizofurushwa kwingineko katika Bonde la Ufa zilipiga kambi katika eneo la Naivasha na Gilgil. Mtu anayekimbia usiku habebi kibuyu cha mbegu. Anapofika ugenini hana mbegu, na zaidi ya hayo hana jina linalojulikana la kumdhamini mbele ya majirani wapya.

Kwa watu kama hao, benki ya mbegu yenye daftari ni bora kuliko ukarimu wa jirani, kwa kuwa haiulizi wewe ni mwana wa nani.

Biashara hii isiyo rasmi si jambo la pembeni. Utafiti wa Shawn McGuire na Louise Sperling uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusisha nchi tano za Afrika ikiwemo Kenya pamoja na Haiti, ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo hutoka nje ya mfumo rasmi, na zaidi ya nusu ya mbegu zote hutoka katika masoko ya kawaida. Kwa maneno mengine, muuzaji wa maharagwe sokoni, aliyeketi juu ya gunia, hulisha mashamba mengi kuliko duka la pembejeo lililo upande wa pili wa barabara.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria ilimwona muuzaji huyo kama mhalifu.

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilitungwa mwaka wa 1972. Mwaka wa 1996 likaundwa shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, KEPHIS, ambalo lilikabidhiwa jukumu la kuidhinisha mbegu. Mwaka wa 1999 Kenya ikajiunga na muungano wa kimataifa wa kulinda haki za wazalishaji wa aina mpya za mimea, UPOV, na mwaka wa 2016 ikaukubali mkataba mkali zaidi wa muungano huo. Katikati ya safari hiyo, mwaka wa 2012, Bunge liliifanyia sheria marekebisho. Aliyepatikana akiuza mbegu ambazo hazikusajiliwa wala kuidhinishwa alikabiliwa na faini ya hadi Sh1 milioni, kifungo cha hadi miaka miwili, au adhabu zote mbili. Wakaguzi nao walipewa uwezo wa kuingia katika hifadhi za mbegu na kutwaa walichokikuta.

La kushangaza ni kwamba miaka miwili tu kabla ya marekebisho hayo, Wakenya walikuwa wamepitisha Katiba mpya ambayo Kifungu chake cha 11 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake na jamii za Kenya. Katiba ilielekeza huku, Bunge likaenda kule.

Haki ni haki, na waliotunga sheria hiyo hawakukosa hoja. Mbegu ghushi ni balaa nchini. Mkulima akiuziwa punje zilizopakwa rangi na kutiwa katika mfuko wa kuvutia, hupoteza pesa, kisha hupoteza msimu mzima, na msimu haurudishwi na mahakama yoyote. Ukaguzi una kazi yake. Ila muhuri wa serikali nao si kinga kamili, kama wakulima walivyojionea katika sakata ya mbolea ghushi ya ruzuku mwaka wa 2024. Na sheria ilimweka mlaghai anayefungasha nafaka kuukuu katika kapu moja na nyanya anayeuza njahi aliyoirithi kwa mama mkwe wake.

Athari ya sheria hiyo kwa ujasiriamali wa kijamii haikuonekana upesi, na ndipo somo lilipo kwa anayetaka kuelewa nguvu za asasi. Sheria haikuharamisha benki za mbegu zenyewe. Haikuzuia warsha, maonyesho wala mafunzo. Wakulima waliendelea kukutana, kuandika sifa za mbegu zao na kufunzana namna ya kuzitunza. Kilichokatazwa ni kuuza. Sheria haikukataza huruma, ilikataza mapato.

Mradi usioruhusiwa kuuza kitu chake kikuu hauwezi kujitegemea hata ukiongozwa na malaika. Mshahara wa mtunza ghala, kodi ya chumba, nauli ya kuwatembelea wakulima, vyote hivyo hulazimika kutoka kwa mfadhili. Mfadhili naye ana kalenda yake, ana mambo anayoyapenda mwaka huu na mengine atakayoyapenda mwaka ujao. Hivyo biashara ambayo ingekuwa mikononi mwa akina mama wa vijijini hugeuzwa kuwa mradi wa maombi ya fedha, unaosimamiwa na anayejua kuandika ripoti kwa Kiingereza. Mageuzi hayo hayakufanywa na afisa yeyote kwa makusudi. Yalifanywa na vifungu vichache vya sheria.

Kuna mlango mwingine ambao kila mjasiriamali wa kijamii hubisha, nao ni wa usajili. Kenya haina sheria moja inayohusu biashara za kijamii. Anayeanza hujikuta akichagua vazi lililoshonewa mtu mwingine. Akisajili kampuni atatozwa ushuru kama mfanyabiashara yeyote. Akisajili chama cha ushirika itambidi afuate sheria ya ushirika ya mwaka wa 1997, iliyowalenga zaidi wakulima wa mazao ya kuuza na wanachama wa Sacco. Akisajili shirika lisilo la kiserikali, biashara yake itatiliwa shaka. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka wa 2013 ili kurekebisha mambo, lakini ilikaa kabatini miaka 11 hadi ilipoanza kutekelezwa Mei 2024. Mtoto aliyezaliwa siku ilipotiwa saini alikuwa karibu kumaliza shule ya msingi.

Wengi vijijini hukimbilia njia nyepesi zaidi, yaani kikundi cha kujisaidia. Vikundi hivi, ambavyo sasa vinaongozwa na sheria ya usajili wa makundi ya jamii ya mwaka wa 2022, ndivyo mlango wa kuingilia katika hazina za serikali kama vile ya vijana iliyoanzishwa mwaka wa 2006, ya wanawake ya mwaka uliofuata na Uwezo iliyokuja baadaye. Fedha hizo zimewafaa baadhi. Lakini pia zimezalisha vikundi vinavyozaliwa wakati fomu za mkopo zinapotolewa na kufariki hundi inapogawanywa. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina huwepo kwenye karatasi. Shughuli yenyewe haipo.

Tofauti na hivyo ni chama halisi, kile cha akina mama wanaochanga kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu. Hiki hakikuundwa na sheria yoyote. Anayechelewa hutozwa faini, anayekosa kulipa huaibika, na hesabu husomwa mbele ya wote. Kwa mtu anayetaka kuanzisha biashara ya kijamii Gilgil, hicho ndicho chuo cha kwanza cha uhasibu na cha uongozi. Kasoro yake huonekana Desemba inapobisha hodi. Mazoea ya vyama vingi ni kugawana kila kilichomo ili kila mmoja akale sikukuu na kulipa karo ya Januari, ilhali biashara huhitaji akiba isiyoguswa. Mradi mwingi wa jamii umevunjwa na desturi hii njema kuliko ulivyovunjwa na wezi.

Wakazi wa eneo hili wana sababu nyingine ya kihistoria ya kupenda kugawana mapema. Katika miaka ya 1970, kampuni za kununua ardhi, Ngwataniro-Mutukanio ikiwa miongoni mwa zilizovuma katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru, ziliwakusanyia maskini hisa ili wanunue mashamba ya walowezi. Zilifanya kazi kubwa ambayo hakuna mmoja wao angeiweza peke yake. Lakini nyingi za kampuni hizo ziliingiwa na ugomvi wa viongozi na kucheleweshwa kwa hatimiliki, hadi serikali ya Rais Daniel arap Moi ikaagiza katika miaka ya 1980 zigawe ardhi na kuvunjwa. Anayeitisha mkutano leo na kuwaomba watu waweke fedha zao katika mfuko wa pamoja anasimama mbele ya wasikilizaji wanaokumbuka hayo, au waliosimuliwa na wazazi wao. Wataitisha risiti kabla ya kuuliza mradi unahusu nini.

Iwapo kisa cha mbegu kinaonyesha sheria ikikaba, kisa cha pareto huko Eburru kinaonyesha jinsi asasi moja ikianguka huviangusha vilivyoiegemea.

Mlima Eburru umo kaskazini-magharibi mwa Ziwa Naivasha, nao unaingia katika eneobunge la Gilgil. Ardhi yake ina joto. Mvuke hutoka katika nyufa za miamba, na kwa kuwa hakuna mito ya kutegemewa, wakazi walijifunza zamani kuunasa. Mvuke huelekezwa katika mabomba, ukipoa hugeuka kuwa matone, na matone huingia katika tangi. Watu hunywa, hupika na kunywesha mifugo maji yaliyotoka tumboni mwa mlima. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa ubunifu wa kijamii usio na mhandisi mwenye tai.

Mvuke huo huo ulitumiwa kukausha pareto. Maua ya pareto, ambayo hutoa dawa ya kuua wadudu, huharibika yasipokaushwa upesi baada ya kuchumwa. Kwingineko wakulima hutegemea jua, ambalo milimani ni haba, au kuni, ambazo hugharimu msitu. Eburru walijengewa kikaushio kinachopashwa joto na ardhi yenyewe. Nishati ilikuwa ya bure, haikuisha, na haikukata mti hata mmoja.

Lakini pareto kwa miongo kadhaa ilikuwa na mnunuzi mmoja tu kisheria, nayo ilikuwa Bodi ya Pareto ya Kenya iliyokuwa na kiwanda mjini Nakuru. Kenya iliongoza ulimwengu kwa zao hilo. Kisha bodi ikalemewa na madeni na usimamizi mbovu, malipo yakachelewa miezi, kisha miaka. Wakulima waling'oa pareto wakapanda viazi na mahindi, na soko la dunia likahamia Tasmania nchini Australia. Kikaushio cha mvuke hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa mwishoni mwa bomba ambalo upande wa pili ulikuwa umezibwa Nakuru. Mageuzi ya mwaka wa 2013 yaliondoa ukiritimba na kuruhusu kampuni binafsi, na serikali ya Kaunti ya Nakuru baadaye ikawagawia wakulima miche, lakini mkulima aliyewahi kudhulumiwa harudi shambani kwa tangazo la redio.

Wakati huo huo, Kampuni ya Kuzalisha Umeme, KenGen, ilianza mwaka wa 2012 kuzalisha kiasi kidogo cha umeme, kisichofika megawati tatu, kutoka mvuke wa Eburru. Mvuke ni ule ule, ila aliye na leseni ya kuutumia ni mwingine.

Msituni, hali imekuwa tofauti kidogo, na inafaa kutajwa kwa sababu ni mahali ambapo sheria iliwafungulia watu mlango. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005, na baadaye ile ya mwaka wa 2016, iliwaruhusu wanaoishi kando ya msitu kuunda chama, kutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu na kupata haki zilizoorodheshwa kama vile kuni zilizoanguka, malisho, maji na asali, nao wasaidie kulinda. Msitu wa Mau Eburu, ambao una takriban hekta 8,700 na ni miongoni mwa makao machache yaliyosalia ya bongo wa milimani, una chama cha aina hiyo. Mwaka wa 2014 shirika la Rhino Ark lilikamilisha ua wa umeme wa zaidi ya kilomita 40 kuuzunguka.

Kwa kuwa haki imeandikwa, mtu anaweza kuwekeza. Anayeweka mizinga ya nyuki anajua hatafukuzwa kesho na askari aliyeamka vibaya. Vikundi vya vitalu vya miche vinaweza kuuza bila kuogopa, maana mche wa mti wa kiasili haukuwahi kuwekewa faini ya Sh1 milioni. Mtu akiitazama Eburru na kuitazama benki ya mbegu, atauliza kwa nini mwanamke huyo huyo aliruhusiwa kuuza mche wa msituni ilhali aliogopa kuuza punje ya maharagwe. Jibu ni kwamba sheria ya misitu ilimhesabu kuwa mshirika, na sheria ya mbegu ilimhesabu kuwa mshukiwa.

Njia ya kati ipo, wala si ya kutafutwa Ulaya. Nchini Tanzania, Sheria ya Mbegu ya mwaka wa 2003 na kanuni zake za mwaka wa 2007 zilitambua daraja la mbegu linaloitwa mbegu za kuazimiwa ubora. Mkulima mdogo aliyesajiliwa na kufunzwa huzalisha mbegu, wakaguzi wa TOSCI, ambayo ni taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu nchini humo, hukagua sehemu ya mashamba badala ya yote, naye huruhusiwa kuuza katika eneo lake. Ukaguzi haukuondolewa bali umepunguzwa ukalingana na kimo cha muuzaji. Anayenunua anajua mbegu imepandwa wapi, na anajua pa kwenda ikimfelisha. Kanuni ya kisimani na kanuni ya serikali zimekutana katikati.

Utaratibu huo nao una dosari. Unahusu hasa aina za mimea ambazo tayari zimesajiliwa, na njahi ya nyanya haimo katika orodha ya serikali yoyote. Kusajili aina ya mmea hudai majaribio ya kuonyesha kwamba inatofautiana na nyingine, mimea yake inafanana na haibadilikibadiliki, masharti ambayo mbegu za kiasili hushindwa kuyatimiza kwa sababu ile ile inayozipa thamani. Ndani ya gunia moja la maharagwe ya kienyeji mna punje za rangi tano, na mwaka wa ukame mojawapo ndiyo itakayookoa shamba.

Nchini Kenya, benki kuu ya rasilimali za mimea iliyoko Muguga tangu mwaka wa 1988 ina makumi ya maelfu ya sampuli zilizohifadhiwa kwa baridi. Ni hazina ya taifa, ingawa si rahisi kwa mkulima wa Elementaita au Malewa kuifikia mvua ikitanda. Daftari la benki ya mbegu ya kijiji laweza kuwa kiungo kati ya jokofu la Muguga na shamba, endapo KEPHIS, idara ya kilimo ya kaunti na vikundi vyenyewe vitakubaliana nani aandike nini na muhuri wa nani uaminiwe.

Hilo hukumu ya Machakos haikulitatua, wala halikuwa kazi yake. Ilimwondolea mkulima hofu ya jela. Haikumpa mnunuzi, bei, wala njia ya kumthibitishia mgeni wa Nyandarua au Narok kwamba mbegu iliyo katika mfuko usio na maandishi itaota. Vikundi vya Gilgil sasa vinaweza kuweka bei kwenye kilicho ndani ya vyungu, na kwa mara ya kwanza vitalazimika kujadili maswali ya kibiashara ambayo sheria ilikuwa imeyaahirisha. Vitaamua mwanachama alipe kiasi gani na asiye mwanachama kiasi gani, nani afidie mbegu ikikataa kuota, na mapato yagawanywe Desemba au yabaki.

Mbegu zenyewe hazina subira ya mijadala mirefu. Maharagwe yaliyohifadhiwa kwa njia za kienyeji hupoteza uwezo wa kuota baada ya misimu michache, na kila kikundi hulazimika kupanda upya sehemu ya akiba yake ili isife. Kila mvua ya masika inapokaribia, mtunza ghala hufungua vyungu na kupima: kiasi hiki kirudi shambani, kiasi hiki kikopeshwe, na sasa, kiasi hiki kipelekwe sokoni.